Mtihani wa Serikali ubaki, lakini watoto wetu wafike mlangoni

Maneno ya wafanyakazi wa uwanjani mbele ya mkutano wa wanachama na wafadhili



Katika mkutano uliopita mama mmoja alisimama kule nyuma, akauliza swali ambalo hatukulijibu vizuri. Alisema: «Mtoto wangu amesoma miaka yote ya sekondari, kila mwaka anapanda. Sasa siku ine tu ndizo zinasema kama hana diploma. Hii mtihani ni ya nini? Si waiondoe?» Watu walipiga makofi. Sisi tulinyamaza. Leo tunaleta jibu.

Tangu mwaka 1967 nchi yetu ina Mtihani wa Serikali, ile wote tunaita Exetat. Insha ya Kifaransa inafanywa mapema, kisha zinafuata siku 4 za maswali ya kuchagua jibu. Anayefikisha 50% anapata diploma ya serikali. Bila hiyo karatasi chuo kikuu hakimpokei, na kazi nyingi za biro hazimfungukii. Ndiyo maana matokeo yakitoka, waliopata wanamwagiwa poda kichwani na barabara inajaa nyimbo. Wengine wanajifungia nyumbani.

Jibu letu ni hili: mtihani ubaki.

Mama, tufikiri pamoja. Kama kila shule ingetoa diploma yake yenyewe, mtoto wa shule yetu ya mabati na mbao angefika Kinshasa ao Lubumbashi, wangemuuliza kwanza: «Ulisoma wapi?» Nani anajua shule yetu? Lakini diploma ya serikali haina diploma ndogo ya kijiji na kubwa ya mji. Tena, tuseme ukweli: tungemwachia prefe mmoja peke yake nguvu ya kusema nani amemaliza na nani hajamaliza, mzazi mwenye franga angejua pa kupita. Sisi tuliorudi juzi, bila ndugu katika biro yoyote, tungepita wapi? Mtu asiye na jina anahitaji kipimo kimoja kwa wote.

Lakini kipimo hakiwezi kuwa cha haki kama wengine hawafiki hata mbele yake. Hapo ndipo mama alikuwa na haki, na hapo ndipo sisi tulikosea.

Kuna kijana mmoja tuliyemlipia minervali miaka mitatu. Ilipofika saa ya kujiandikisha, dosie yake ilirudishwa: buleteni za mwaka mmoja hazikuwemo. Zilibaki njiani wakati familia inakimbia. Hakuna kati yetu aliyekuwa amemuuliza juu ya hizo karatasi. Feza za wafadhili zilimfikisha mpaka mlango wa mwisho, halafu zikamwacha pale. Alipoteza mwaka mzima.

Kuna pia binti aliyesomea Uganda, kambini, kwa Kiingereza. Hesabu anawashinda wengi. Mbele ya insha ya Kifaransa alikaa muda mrefu na karatasi nyeupe. Watoto waliotoka Nyarugusu, Tanzania, walifuata programu ya Congo kule kambini, kwa hiyo Kifaransa si kigeni kwao. Waliotoka Uganda ao Zambia wana mlima mwingine kabisa, lakini sisi tulikuwa tunawahesabu wote kwenye orodha moja: «warudiaji».

Kwa hiyo tunaomba mambo 4.

La kwanza ni dosie. Mtoto akifika miaka miwili kabla ya mtihani, kamati ya kila eneo ikague karatasi zake: cheti cha msingi, buleteni, jina liandikwe namna moja popote. Karatasi inayokosekana itafutwe mapema, kwa sababu kuitafuta wiki ya mwisho ni kazi bure.

La pili, Kifaransa. Tunaomba wafadhili watusaidie kulipa walimu wawili wa jioni, na taa. Watoto waandike insha moja kila juma, isahihishwe, waandike tena.

La tatu, malipo. Kila mwaka, juu ya feza ya kushiriki, wazazi wanaombwa michango mingine: ya usafiri, ya chakula cha wasimamizi, ya vitu visivyo na jina. Tangu sasa umoja wetu ulipe pesa zenye risiti tu. Na mzazi asituombe mchango wa kununua majibu. Tukiinunua diploma, tunaiua sisi wenyewe, na kesho itakuwa karatasi ya kufungia karanga.

La ine ni wale wanaoanguka. Wasirudi nyumbani mikono mitupu. Anayetaka kujaribu tena, mlango upo: mtu anaweza kufanya mtihani kama otodidakte, bila kukaa tena darasani. Hata ninyi mlioacha shule kwa sababu ya vita, na leo mna watoto, mlango huo ni wenu pia. Na anayechagua cherehani ao useremala, tumsindikize kwa heshima ileile. Kuanguka mtihani hakumfanyi mtu kuwa mjinga.

Wafadhili wetu, kila mwaka mnatuuliza watoto wangapi wamelipiwa. Tunawaomba mtuulize swali lingine pia: wangapi walifika kwenye meza ya mtihani wakiwa na dosie kamili na kalamu mkononi? Tutawaletea hesabu hiyo mkutano ujao, hata kama itatuhuzunisha.

Na wewe mama, kesho asubuhi lete buleteni za binti yako, hata zile zilizochanika. Tutaanza na yeye.