Kurejesha ujana wa ngozi: sindano, krimu au leza?

Hamu ya kuficha mikunjo ya uso haikuanza leo. Lakini kwa Mwafrika Mashariki anayeishi London, Dubai au Maskati, kliniki za urembo ni nyingi, na kila moja husifu dawa yake. Je, mwenye ngozi nyeusi achague ipi?

Kila tiba ina kazi yake. Sindano ya sumu ya botulini, maarufu kwa jina la Botox, hulegeza misuli inayoukunja uso. Marekani iliiidhinisha mwaka 2002 kwa mikunjo iliyo kati ya nyusi, na nguvu yake hudumu kiasi cha miezi 3 hadi 4. Madoa haiyagusi. Krimu ya tretinoini, inayotolewa kwa cheti cha daktari, hulainisha mikunjo midogo na kufifisha madoa, ila hutaka subira ya miezi, na mjamzito hushauriwa asiitumie. Leza nayo hutumia joto litokanalo na mwanga.

Hatari imo katika joto hilo. Mwaka 1975 daktari Thomas Fitzpatrick wa Marekani alianzisha utaratibu wa kuipanga ngozi kwa namna inavyopokea jua. Leo ngazi zake ni 6, na ngozi nyeusi zimo katika ya 5 na ya 6. Ngozi hizo zina melanini nyingi, nayo melanini hufyonza mwanga wa leza. Basi ngozi huweza kuungua, ikaacha doa jeusi la miezi mingi, pengine kovu. Aliyekwenda kuondoa mkunjo hurudi na doa. Tindikali kali za kuambua ngozi huweza kuleta madhara hayo hayo. Leza yenye mawimbi marefu, ya nanomita 1,064, ina usalama zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mteja na aulize: Nani atakayeishika mashine? Amekwisha kuwatibu wangapi wenye ngozi kama hii? Atajaribu kwanza mahali padogo, kisha asubiri?

Krimu za kung'arisha zenye zebaki si tiba. Zebaki huingia mwilini na kudhuru figo. Kinga ya kwanza ni mafuta ya kuzuia jua, kila siku, hata kwa mtu mweusi.

Na pale maswali yanapokosa majibu, ni heri kubaki na mkunjo.