Modeli za Mazao na Mabadiliko ya Tabianchi: Kazi ya Cynthia Rosenzweig na Madaftari ya Vituo Vyetu



Mada yangu inahusu kazi ya Cynthia Rosenzweig, mtafiti wa Marekani aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2022. Simzungumzii kwa ajili ya tuzo. Kazi yake inatufikisha kwenye jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki tumelipuuza mno: kompyuta haijui chochote kuhusu shamba isipokuwa kile ambacho mtu alikwenda kukipima, na vipimo vyetu vinaozea makabatini.

Rosenzweig alishika jembe kabla ya kushika kompyuta. Akiwa kijana, yeye na mwanamume aliyekuja kuwa mumewe walikodi shamba Tuscany, Italia, na baadaye akasomea kilimo kwao. Katika miaka ya 1980 alianza kazi kwenye Taasisi ya Goddard ya NASA, mjini New York, ambako wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wakikokotoa dunia itakuwaje hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu. Yeye akawauliza swali la mkulima: na mazao je? Mwaka 1985 alichapisha makala kuhusu maeneo ya ngano ya Amerika Kaskazini. Mwaka 1994, pamoja na Martin Parry wa Uingereza, akatoa katika jarida la Nature tathmini ya dunia nzima, iliyotegemea kazi ya wanasayansi wa nchi 18. Walichokiona ni kwamba jumla ya mavuno ya dunia ingepungua kidogo tu, lakini mzigo ungeziangukia nchi zinazoendelea, na jitihada za wakulima kukabiliana na hali hiyo zisingetosha kuliziba pengo kati ya nchi hizo na nchi zilizoendelea. Onyo hilo lina zaidi ya miaka 30 sasa.

Tathmini hiyo ilitumia modeli za mazao. Kwa wenzetu ambao hawajawahi kuendesha modeli, nieleze kidogo. Programu kama DSSAT au APSIM huukuza mmea siku baada ya siku. Kila siku hupokea joto la juu na la chini, mvua na mwanga wa jua, hukadiria maji na nitrojeni vilivyobaki udongoni, kisha hukokotoa ukuaji wa majani, mizizi na punje. Kila aina ya mbegu ina hesabu yake ya joto: ikikusanya kiasi fulani hutoa mbelewele, ikikusanya kingine hukomaa. Hapo ndipo ongezeko la joto linapouma. Hesabu hutimia mapema, mmea hukomaa haraka, na siku za kujaza punje hupungua. Joto kali wakati wa uchavushaji hudhuru chavua, gunzi likabaki na mapengo. Na hewa yenye joto hukausha udongo upesi zaidi. Hewa ya ukaa ikiongezeka huwa nafuu kwa ngano, mpunga na maharage. Mahindi, mtama na uwele hunufaika kidogo tu, hasa wakati wa ukame. Kwa watu ambao chakula chao ni ugali, tofauti hiyo si ya kitabuni. Mwaka 2021 jopo lililoongozwa na Jonas Jägermeyr, Rosenzweig akiwamo, lilionyesha kuwa gesi joto zikiendelea kutolewa kwa wingi, mavuno ya mahindi duniani yanaweza kushuka kwa asilimia 24 kufikia mwishoni mwa karne hii, ilhali ya ngano yanaweza kupanda kwa asilimia 17.

Hata hivyo, mchango wa Rosenzweig ninaouthamini kuliko yote ni mradi wa AgMIP, alioanzisha na wenzake mwaka 2010. Kabla ya hapo kila kundi lilitembea na modeli yake na kuitetea. AgMIP iliziweka zote kwenye shamba moja: udongo uleule, mvua ileile, mbegu ileile, halafu majibu yakalinganishwa hadharani. Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya modeli 23 za mahindi zilizojaribiwa katika sehemu nne: Lusignan nchini Ufaransa, Ames nchini Marekani, Rio Verde nchini Brazili, na Morogoro hapa Tanzania. Modeli moja moja zilipishana sana. Wastani wa modeli kadhaa ulikaribia mavuno halisi, hata pale taarifa za kuzirekebisha zilipokuwa chache. Na kwa kila nyuzi moja ya joto iliyoongezwa, mavuno yalishuka kwa takriban nusu tani kwa hekta.

Yupo atakayesema: kama wastani unatosha hata kwa taarifa chache, tuhangaikie nini vipimo? Sikubaliani na hoja hiyo. Wastani huo umejibu swali la tani ngapi katika sehemu iliyokwisha kupimwa. Mkulima wa Kongwa au wa Kilosa hatuulizi hivyo. Anauliza apande lini, mbegu ya siku ngapi, na kama mfuko wa mbolea utarudisha fedha yake mvua zikikatika. Tena Morogoro isingekuwamo katika kazi hiyo lau lisingekuwapo jaribio la shambani lililopimwa na kuhifadhiwa.

Tazameni pia kazi ya mtafiti David Lobell na wenzake ya mwaka 2011. Walichukua majaribio zaidi ya 20,000 ya mbegu za mahindi barani Afrika, yaliyofanywa kati ya 1999 na 2007 na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, pamoja na taasisi za utafiti za nchi husika. Walioyafanya walikuwa wakitafuta mbegu bora. Habari ya tabianchi haikuwamo katika mpango wao. Lakini walikuwa wameandika mahali, tarehe na mavuno. Yalipounganishwa na kumbukumbu za hali ya hewa, ilionekana kwamba kila siku ambayo joto lilizidi nyuzi 30 za Selsiasi kwa nyuzi moja ilipunguza mavuno ya mwisho kwa asilimia 1 palipokuwa na mvua ya kutosha, na kwa asilimia 1.7 palipokuwa na ukame. Ushahidi mzito kama huo juu ya zao letu kuu umetoka kwenye madaftari ya kawaida ya vituo.

Na sisi si wageni katika kazi hii. Katika miaka ya 1980, kituo cha Katumani, Machakos, kilikuwa mahali ambapo watafiti wa Kenya na wa Australia, akina Bob McCown na Brian Keating, waliichukua modeli ya CERES-Maize, iliyotungwa Texas, wakairekebisha kwa ukame na udongo uliochoka wa Ukambani. Walipima maji ya udongo, nitrojeni na ukuaji wa mahindi msimu kwa msimu, kisha wakatumia kumbukumbu ndefu za mvua kuuliza kama mbolea kidogo ingemlipa mkulima, na katika misimu gani. Uzoefu huo ulichangia APSIM, modeli ambayo leo sisi tunaipokea kama chombo kilichokuja na meli. Inanisikitisha kuona wanafunzi wetu wakijifunza kuiendesha bila kuambiwa kwamba sehemu ya chimbuko lake ni Machakos.

Zipo kasoro ambazo lazima zitajwe. Viwavijeshi vamizi, walioingia Afrika mwaka 2016, na gugu la kiduha havimo katika modeli nyingi. Makadirio ya dunia nzima mara nyingi huchukulia shamba la mahindi matupu, wakati wakulima wetu huchanganya na kunde au mbaazi. Na wastani huficha mengi: Peter Jones na Philip Thornton walikadiria mwaka 2003 kwamba mavuno ya mahindi ya Afrika na Amerika ya Kilatini yangepungua kwa asilimia 10 kufikia 2055, lakini kazi iliyofuata ya Thornton na wenzake, ikiangalia Afrika Mashariki kwa ukaribu, ilionyesha kuwa baadhi ya nyanda za juu zinaweza hata kunufaika huku maeneo ya chini yenye joto yakipoteza. Huwezi kuwapa watu wa Njombe na wa Dodoma ushauri mmoja.

Napendekeza mambo mawili. La kwanza, kila kituo kianze kuorodhesha majaribio ya miaka iliyopita yaliyobaki kwenye karatasi, na yaingizwe kwenye kompyuta kabla wanaoyakumbuka hawajastaafu wote. La pili, ripoti yoyote ya jaribio la mazao, hata la shamba darasa, isipokelewe bila tarehe ya kupanda, aina ya mbegu, tarehe ya kutoa mbelewele, mvua ya kila siku, aina na kina cha udongo, kiasi cha mbolea na mavuno kwa eneo lililopimwa. Majaribio yaliyoharibika kwa ukame nayo yaandikwe kwa ukamilifu uleule. Mara nyingi hayo ndiyo yanayotupwa kwa kuwa hayakutoa jibu kuhusu mbegu, na ndiyo modeli inayoyahitaji zaidi ili ijue mahindi ya Dodoma hufanya nini mvua inapokatika wiki ya kuchavusha.