Kisima cha Saba



Katika Mwanzo 21 twasoma ya kuwa watumishi wa Abimeleki walikinyang'anya kisima cha Ibrahimu. Ibrahimu akatenga wana-kondoo wa kike saba, akampa Abimeleki wawe ushuhuda kwamba ndiye aliyekichimba, kisha wakaapiana. Mahali pale pakaitwa Beer-sheba.

Beer ni kisima. Lakini sheba? Katika Kiebrania neno la saba na neno la kuapa hukaribiana sana, hata jina hili hubeba maana zote mbili: kisima cha saba, na kisima cha kiapo. Mwalimu asiwalazimishe watoto kuchagua moja.

Tena saba yetu ni ndugu yake. Tuliipata kwa Waarabu (neno letu la kale limebaki katika fungate), na Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja. Basi ataje mtu viwanja vya Saba Saba pale Temeke, vikumbushavyo tarehe 7 Julai 1954, siku ilipoanzishwa TANU, naye hutamka jamaa ya neno lile la kisimani. Ila undugu wa maneno hudanganya pia: Bethlehemu kwa Kiebrania ni nyumba ya mkate; kwa masikio ya Mwarabu, ni nyumba ya nyama.

Turudi kisimani. Hati ya kuandikwa haikutajwa, jina lilishuhudia. Ibrahimu alipokwisha kufa, Wafilisti walivifukia visima vyake. Isaka akavichimbua, akaviita majina yale yale aliyoyatoa babaye.