Kombe la Gossage na Mkungu Wetu wa Ndizi



Nimeombwa nizungumzie michezo, nami nimechagua kombe ambalo vijana wa leo hawalijui hata kwa jina: Kombe la Gossage.

Lilianza mwaka 1926, Kenya na Uganda zikipambana. Jina lilitoka kwa kampuni ya sabuni ya Uingereza. Mzee William Gossage, aliyeanzisha kiwanda mjini Widnes, alikuwa amefariki tangu 1877, kwa hiyo hakuona hata pasi moja. (Kicheko.)

Kwa karibu miaka 20 walicheza hao wawili tu. Tanganyika iliingia 1945, Zanzibar 1949. Na Tanganyika haikwenda kusindikiza wenzake: ilitwaa kombe 1949, 1950 na 1951 mfululizo! Hata hivyo aliyelitwaa mara nyingi kuliko wote ni Uganda, na hilo tulikubali. Zanzibar hawakulipata kamwe, mpaka likafikia mwisho wake mwaka 1966.

Lakini angalieni lilivyokwisha. Mwaka 1967 mashindano yaliendelea kwa jina jingine, Kombe la Chalenji, na tangu 1973 yakawa ya CECAFA. Sabuni iliondoka, mpira ukabaki. Ndiyo maana Zanzibar, waliokosa Gossage, walitwaa Chalenji mwaka 1995.

Letu halikuwa na bahati hiyo. Mnakumbuka, kila mwaka vijana wa Kibondo na wa Kasulu tulikutana uwanjani hapa, na zawadi ilikuwa mkungu wa ndizi kutoka shamba la shule. Mwaka 1974 likafa, na hakuna kilichoshika nafasi yake.

Wengi mmekuwa mkimlaumu refa. Mimi ndiye niliyekuwa golikipa wa Kasulu. Dakika za mwisho mpira wa Kibondo uligonga mtambaa wa panya, ukadunda chini, nikaudaka. Refa alikuwa mbali. Akanitazama. Nikatikisa kichwa, naye akakataa goli. Ngumi zikaanza, mkungu ukakanyagwa, na mwalimu wa zamu akapiga marufuku mchezo ule. Mwaka huohuo Tanzania Bara ilitwaa Chalenji, na bwenini kwetu Kibondo walishangilia upande wao na Kasulu upande wao.

Ndugu zangu, mpira ule ulikuwa umevuka mstari. Nilijua siku ile. Refa hakuonea mtu, nilimdanganya mimi.

Kwa hiyo mkungu ule ulikuwa wa Kibondo. Nimekuja na mwingine, umo nyuma ya gari, nao ni wa Kasulu kweli. Namwomba Katibu aandike katika kumbukumbu zetu: 1974, Kibondo 1, Kasulu 0. Na kesho saa kumi jioni, wale ambao magoti bado yanawaruhusu, tukutane uwanjani. Mimi nitakaa golini.