Nakala Kwanza



Mwaka 2021 nilisasisha simu yangu ilhali betri yake imechoka. Ilizimika kazi ikiwa katikati. Fundi aliiwasha kwa kufuta kila kitu, na sauti ya marehemu baba akiniusia ikapotea.

Kusasisha msiache, maana huziba mianya wanamopenya wezi. Lakini kwanza wekeni nakala mbili: moja katika akaunti yenu ya intaneti, nyingine katika kompyuta. Zifungueni, mhakikishe zinasomeka. Nywila ya akaunti iandikeni, muifiche. Kisha chomekeni chaja, wala msiizime simu mpaka imalize.

Simu hununuliwa nyingine. Sauti ya mzazi hainunuliwi.