Kalamu ya Muuguzi na Malipo ya Bima: Mada kwa Wauguzi wa Taita Taveta



Majeruhi wa uti wa mgongo atolewaye Taveta kwa rufaa, akapita chini ya kilima hiki cha Salaita hadi Voi, na pengine Mombasa, hupokewa na mikono mingi kabla ya kutulia kitandani. Na siku ya tano muuguzi wa zamu amgeuzapo akaona kidonda makalioni, swali la kwanza la mwenye kulipa huwa ni kilianza wapi. Jawabu limo katika faili, na kama halikuandikwa saa ile mgonjwa alipoingia wadini, basi halipo.

Marekani walilifanya jambo hili kuwa kanuni. Tangu tarehe 1 Oktoba 2008 Medicare, bima ya serikali kwa wazee, haitoi nyongeza kwa baadhi ya madhara yapatikanayo hospitalini, kama vidonda vikubwa vya kulala muda mrefu, majeraha ya kuanguka na maambukizi ya mkojo yaletwayo na katheta, isipokuwa imeandikwa kwamba mgonjwa alikuja nayo. Kuwapo kwa kidonda sharti kuthibitishwe na tabibu, lakini daraja yake yaweza kuchukuliwa katika maandishi ya muuguzi. Hivyo mstari mmoja wa kalamu yake hubeba thamani ya fedha nyingi.

Kwetu Kenya, ambako Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilishika mahali pa NHIF, bima ya hospitali ya mwaka 1966, na kuanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, hasara huingia kwa mlango mwingine. Mzazi apasuliwaye ili kujifungua hulipiwa ujira wa jumla wa shilingi 30,000, na ujira wa jumla, kwa tabia yake, haupandi kwa sababu mshono umetunga usaha.

Naona si insafu kuikata hospitali fedha hali muuguzi mmoja ameachiwa wadi nzima usiku kucha. Lakini kuandika kwamba mgonjwa aligeuzwa naye hakugeuzwa ni dhuluma kubwa zaidi, kwani zamu ifuatayo huyaamini maandishi hayo, na mgonjwa huzidi kuoza chini ya shuka safi. Kilima hiki cha Salaita ni shahidi wa madhara ya habari isiyo kweli: tarehe 12 Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Uingereza na Afrika Kusini walikishambulia wakiwa wameambiwa kwamba walinzi wake, Wajerumani, ni wachache. Habari ile haikuwa kweli, na waliolipa ni wale waliotangulia mbele.

Kwa hiyo nawasihi wasimamizi wa wadi, kuanzia zamu ya kesho: kila mgonjwa aletwaye kwa rufaa atazamwe kwa stara kisogo, mabega, makalio na visigino, na yaonekanayo yaandikwe pamoja na kipimo, saa na jina la aliyeyaona, kabla gari lililomleta halijaondoka langoni.