Uvimbe wa Kizazi: Kutoka Buzebazeba Hadi Muhimbili

Mama wa Buzebazeba, Kigoma, mwenye uvimbe kwenye kizazi akisikia habari ya upasuaji wa matundu madogo, swali lake la kwanza ni: unafanyika wapi? Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, upo. Kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200.

Upasuaji wenyewe uko hivi: tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi, kamera ikapitishwa kitovuni, na vifaa vyembamba kwenye matundu ya kama sentimita moja au pungufu. Mgonjwa hurudi kuanika dagaa mwaloni Kibirizi mapema kuliko aliyepasuliwa tumbo. Ila uvimbe mkubwa hukatwakatwa ndipo utoke, na mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba mashine ya kuukatakata yaweza kutawanya saratani iliyojificha. Muulizeni daktari hilo, msione haya.

Tena si kila uvimbe unataka kisu. Usiosumbua huachwa, ukafuatiliwa kwa ultrasaundi. Lakini anayetokwa damu nyingi hadi kizunguzungu asingoje nauli ya Dar: aende hospitali ya Maweni, apimwe kiwango cha damu leo hii hii.